Korosho Kwenye Nta

"Umezibadilisha! Usinizungushe, kaka, umezibadilisha!"

"Dada, ningekuwa nimezibadilisha, ningekwambia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba zimekufa? Mwizi gani anajitangaza?"

"Mwizi mwenye akili!"

Generosa aliingia katikati ya maneno hayo, akaufunga mlango kwa kisigino, akavua glovu. Alikuwa amelea watoto watatu, na alijua kwamba watu wawili wanaopigiana kelele huropoka zaidi kabla ya kumwona mgeni kuliko baada ya kumwona. Akawaacha waropoke.

Karakana ilikuwa chini ya tao la reli, Stratford. Kila treni ilipopita juu, skii, mbao za kuvaa miguuni na kuteleza kwenye theluji, zilizopangwa ukutani, zilitetemeka kidogo kisha zikatulia. Nyuma ya kaunta alisimama Lusajo, fundi, kijana mrefu kutoka Tukuyu, aproni imejaa chembe za nta. Mbele yake alikuwa Lorraine, nesi, bado amevaa sare chini ya koti. Kati yao, mezani, zililala skii mbili nyekundu.

Mzee Balwinder, mwenye karakana, alikuwa pembeni akipapasa mfuko wa suruali. Alizaliwa Eldoret, na Kiswahili chake hakikuwahi kumtoka pamoja na miaka yote ya London. Ndiye aliyempigia simu Generosa, mpelelezi, asubuhi ile.

"Mama Elinaja, umekuja, asante," alisema. "Hawa wataniua kwa makelele."

"Nani anakulipa wewe?" Lorraine alimgeukia Generosa. "Yeye? Basi nishajua utakachosema."

"Ananilipa nitafute kilichotokea. Kama fundi wake ni mwizi, nitakwambia mbele yake, na utawaita polisi kwa simu yangu. Tumeelewana?"

Lorraine alikunja mikono. "Tumeelewana, anti. Lakini wakifunga leo sijapata jibu, ninawaita."

"Na mimi pia," alisema Balwinder. "Leo. Jumatatu mimi nahamia Leicester kwa binti yangu. Hii karakana nilikuwa nampa Lusajo aendeshe. Sasa mteja anasema mwizi. Nisipojua ukweli leo, nafunga, kwisha." Akatoa mfukoni kitita cha funguo chenye uzi mwekundu, akakitazama, akakirudisha. Generosa aliona alama kwenye mkanda wa Lusajo, mahali ngozi ilipochakaa kwa kuning'iniza kitita hicho. Kwa hiyo funguo zilinyang'anywa asubuhi ile ile.

"Haya. Lusajo, nieleze kitu hiki ni nini. Nieleze kama unamweleza mwanangu wa mwisho, asiyesikiliza."

Lusajo alivuta pumzi. "Mama, kuna skii za njia zilizosawazishwa na mashine. Nyembamba kiunoni, zinang'ata barafu. Kuna za theluji laini ya kuzama, pana kama kitanda. Hizi ziko katikati ya hizo. Tunaziita za mlima mzima. Asubuhi theluji ngumu, mchana imekuwa uji, jioni unapita kati ya miti, na hubadilishi kitu miguuni."

"Ndani?"

"Mbao. Juu na chini ya mbao kuna tabaka la bati na nyuzi za kioo, vyote vimebanwa kwa gundi. Pua imeinuliwa ili isizame. Na hapa katikati, chini ya buti, skii ina mgongo. Upinde mdogo. Ukisimama juu yake mgongo unalala, na makali ya chuma yanashika theluji toka mbele mpaka nyuma. Ukitoa uzito, unakurusha kwenye kona inayofuata. Roho ya skii iko kwenye mgongo."

"Na hizi?"

Lusajo alizichukua zile nyekundu, akazibana soli kwa soli, akaziinua kwenye taa. Zililala moja juu ya nyingine kama chapati mbili. Kisha akachukua jozi nyingine ukutani, ya kukodisha, akafanya vivyo hivyo. Katikati palibaki mwanya, na mwanga ukapita. Alipoziminya, zilimsukuma mkono.

"Hizi zake hazina mgongo," alisema. "Amefungua mfuko hapa leo nikwangue nta, anasafiri Jumamosi. Nikazibana, nikaona, nikamwambia ukweli."

"Ukweli!" Lorraine alicheka kwa pua. "Mwezi wa nne nilizileta zikiwa hai. Zilikuwa zinanirusha kama mbuzi. Akapaka nta yake, nikapewa zikiwa ndani ya mfuko. Sikufungua mpaka leo. Sasa ziko kama mbao za kitanda. Nani alizigusa katikati? Si yeye?"

"Nta ilikuwa ya nini?" Generosa alimuuliza fundi.

"Ndivyo skii inavyolala kiangazi, mama. Unanoa makali, unayakausha, unapaka nta nene chini nzima na hukwangui. Soli haikauki, chuma hakishiki kutu. Majira yakirudi, unakwangua, unasugua, unaondoka."

"Namba ya kiwandani iko wapi?"

Lusajo aliugusa ubavu wa skii. "Ilikuwa ubavuni. Niliuchonga mwaka juzi ili tupa ifikie makali. Namba ikaondoka."

"Si unaona!" alisema Lorraine.

"Kila fundi anachonga ubavu, dada."

Generosa hakumtazama Lorraine. "Swali la pili. Wiki ile ya mwezi wa nne, hapa ndani palikuwa na jozi nyingine kama hii?"

Treni ikapita juu. Balwinder ndiye aliyejibu, kwa shingo upande. "Ilikuwepo. Ya Imran, mfamasia, hapo karibu na kituo. Rangi hii hii. Urefu huu huu."

Lusajo aliinamisha kichwa. Lorraine alimtazama Generosa kama mtu anayesubiri kupewa haki yake kwenye sahani.

"Mwite," alisema Generosa. "Aje na skii zake."

Walipokuwa wanamsubiri Imran, Generosa alimvuta Lorraine pembeni, karibu na rafu ya buti. "Niambie alama moja kwenye skii zako ambayo ungeijua hata umefumba macho. Nisemee sikioni."

Lorraine alifikiri. "Mwezi wa tatu nilipita juu ya jiwe. Skii ya kushoto, chini, karibu na mkia. Kovu refu kama kidole changu kidogo, limepinda kama kucha. Huyo huyo Lusajo aliliziba kwa plastiki nyeusi ya kuyeyusha."

"Na soli ni nyekundu. Kwa hiyo jeusi linaonekana."

"Likiwa limekwanguliwa nta, ndiyo."

Imran alikuja na koti jeupe la dawa bado mwilini na mfuko begani. Kiswahili hakukijua, alizaliwa Ilford. Alisema kwa Kiingereza kwamba ameacha foleni dukani, na kwamba kama ni utani si utani mzuri. Generosa alimshukuru, akazitoa zile skii, akazibana soli kwa soli. Mwanya. Mwanga. Zikamsukuma mkono.

"Hizo!" Lorraine aliruka. "Hizo ndizo zangu! Mungu wangu, ni zangu kabisa!"

Balwinder aliingiza mkono mfukoni, akazishika funguo.

"Pole pole," alisema Generosa. Alizigeuza zile za Imran. Soli ilikuwa safi, imekwanguliwa na kusuguliwa, inang'aa. Alipitisha tochi kutoka pua hadi mkia, ya kushoto, kisha ya kulia, maana kushoto na kulia hubadilishwa. Hapakuwa na kovu. Akapitisha ukucha. Hapakuwa na kitu. Akamwonyesha Lorraine.

"Labda ameliziba upya kwa nyekundu," alisema Lorraine, lakini sauti ilikuwa imeshuka daraja moja.

"Labda. Tuone na hizi." Generosa alizigeuza zile zilizokufa. Nta ilikuwa nene, ya rangi ya maziwa, imefunika kila kitu. Aliweka tochi ubavuni ili mwanga ulale chini, kama anavyokagua sakafu akitafuta nyayo. Akasimama hapo hapo. Karibu na pua, nta haikuwa laini. Ilikuwa na vijidoa, na kati ya vijidoa hivyo palikuwa na umbo, mviringo wenye ncha iliyopinda. Akahamia mkiani. Umbo lile lile. Katikati, chini ya buti, nta ilikuwa laini kama kioo. Akageuza skii ya pili. Pua na mkia, hivyo hivyo.

"Balwinder, tazama. Hii unaiita nini?"

Mzee alivaa miwani. "Ambi! Embe! Ua la kitambaa. Mke wangu ana shali zake kabati zima." Kisha akashtuka. "Mama Elinaja, mke wangu hajawahi kuingia hapa. Anasema nta inamuumiza kichwa!"

"Tulia. Kwenu ni embe. Kwetu ni korosho." Generosa alipiga picha, akaweka sarafu pembeni kuonyesha ukubwa, akapiga tena. Kisha akamkabidhi Lorraine kikwangulio. "Wewe mwenyewe. Kwangua mkiani, chini ya alama, usiiguse alama. Sitaki kesho mtu aseme fundi alificha kitu kwa mkono wake."

Lorraine alikwangua. Nta iliruka kwa vipande vyeupe, kama nazi ikikunwa. Skii ya kwanza, hakuna. Akashika ya pili. Mara tatu, mara nne, kisha mkono ukasimama.

Kovu jeusi, refu kama kidole kidogo, limepinda kama kucha.

"Ni zangu," alisema polepole.

"Ni zako. Imran, asante, rudi kwa wagonjwa wako."

Imran alikusanya skii zake, akatikisa kichwa, akaondoka. Lusajo aliegemea kaunta kama mtu aliyetua gunia. Lakini Balwinder hakutulia.

"Basi hajaiba," alisema. "Lakini ameziua! Pasi ya nta imekuwa moto sana, gundi imelegea, mgongo umekwisha. Hiyo mbaya kuliko kuiba. Nitampa karakana fundi anayeunguza?"

"Bosi, mimi miaka minane sijaunguza hata kijiti!"

"Nyamazeni nyote wawili. Fikirini." Generosa alipiga meza kwa kiganja. "Kitambaa kimeacha alama juu ya nta. Juu yake, si chini yake. Kwa hiyo nta ilikuja kwanza, kitambaa kikafuata. Ili nta ipokee alama safi hivi, inatakiwa ilainike na ibanwe kwa muda. Lusajo, ulimkabidhi lini?"

"Siku ya pili yake, nta ikiwa imeganda. Nilimfungia mfuko mbele yake."

"Kweli," alisema Lorraine. "Zilikuwa laini. Nilizipapasa."

"Basi aliyefanya hivi alifanya baada ya hapo. Na si mwizi, wala si mtu mzembe. Mzembe angebana skii tupu zikwaruzane. Huyu alizibana katikati mpaka mgongo ukalala, akaweka kitu kwenye ncha, na hicho kitu akakifunga kitambaa zisichubuke. Juu hakuna hata mkwaruzo, maana yake hata chuma cha kubania alikiwekea kipande cha mbao. Huyo ni mtu anayezipenda." Akamgeukia nesi. "Mfuko ulikaa wapi kiangazi chote?"

"Nyumbani. Kwenye kabati la boila la maji moto, ndipo penye nafasi."

"Penye joto. Nani anafungua kabati hilo?"

"Hakuna mtu. Mimi na baba tu."

"Baba anafanya kazi gani?"

"Amestaafu. Alikuwa anafundisha useremala, Moshi, chuo cha—" Lorraine alikomea hapo. "No. Baba, no."

"Nipeleke kwako," alisema Generosa. "Zibebe."

Mzee Philemon aliwafungulia mlango mwenyewe, kwenye nyumba yao ya safu, Walthamstow, mtaa wa pili kutoka sokoni. Alikuwa na penseli sikioni na vumbi la mbao kwenye sweta. Jikoni palinuka kitunguu na vanishi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu ndani. Lorraine, mbona umevaa uso wa mahakama?"

"Baba, huyu ni anti Generosa. Anataka kuona kabati la boila."

"Linavuja?"

"Halivuji, mzee. Nataka kuona vibanio vyako."

Mzee alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za wajukuu. Akafungua kabati. Ndani palikuwa na joto la mkate. Vibanio viwili virefu vya chuma vilining'inia kwenye misumari, na chini yake, kwenye rafu, palikuwa na vipande vinne vya mbao vilivyochongwa kwa ukubwa mmoja. Viwili vilikuwa vitupu. Viwili vilikuwa vimefungwa kitambaa cha kanga iliyochakaa, nyekundu na nyeupe. Generosa alikishika kimoja. Kilinata. Kwenye korosho za kanga palikuwa na nta nyeupe imeganda. Akaweka sarafu, akapiga picha, akalinganisha na ile ya karakana. Korosho kwa korosho, kijidoa kwa kijidoa.

"Mzee, ulizinyoosha skii za Lorraine?"

Philemon alitazama mfuko mlangoni, kisha binti yake, na uso ukachanua. "Kumbe mmeziona! Nilitaka afike huko mlimani ndipo azione. Zilikuwa zinaniumiza macho tangu azilete. Mbao mbili za bei kubwa, zimepinda kama ndizi! Nikasema, huyu binti wamemuuzia mbao mbichi, akauvunje mguu ugenini?"

"Ukafanyaje?" Generosa aliuliza kwa upole.

"Nikafanya inavyotakiwa. Mbao iliyopinda hunyooshi mpaka usawa tu, itarudi. Unaipeleka kidogo upande wa pili. Nikaweka vikabari kwenye ncha, nikabana katikati, robo mzunguko kila Jumapili baada ya ibada. Joto la boila likasaidia. Juzi nimezifungua. Ziko sawa kama rula. Nikazirudisha kwenye mfuko, sikusema neno."

"Baba," alisema Lorraine. "Zilitakiwa kupinda."

"Mbao haitakiwi kupinda."

"Hizi zinatakiwa! Huo upinde ndio unaolipiwa! Baba, umeziua!" Alianza kwa hasira, lakini katikati ya neno la mwisho kicheko kilimponyoka, akaketi kwenye ngazi akajifunika uso. "Robo mzunguko kila Jumapili. Kama dozi."

Mzee alizitoa skii, akazishika kwenye taa, akafumba jicho moja, akazikagua kwa jicho la fundi. "Zimenyooka vizuri lakini," alisema kwa sauti ndogo.

"Vizuri sana, mzee," alisema Generosa. "Sijawahi kuona mbao iliyonyooshwa vizuri hivyo. Tatizo ni kwamba huko Stratford kuna kijana mmoja, Lusajo, fundi wa skii. Yeye ndiye aliyegundua kwamba upinde haupo, akasema ukweli. Sasa anaitwa mwizi. Bosi wake alikuwa anamwachia karakana Jumatatu. Ameshamnyang'anya funguo."

"Nani amemwita mwizi?"

Lorraine aliinua mkono bila kuinua kichwa.

Philemon alichomoa penseli sikioni, akaiweka mezani.

"Ninaweza kuwapigia simu nikawaeleza," alisema Generosa. "Nina picha. Zinatosha."

"Mwanangu, nimefundisha vijana miaka mingi. Kijana akiitwa mwizi mbele ya watu, hasafishwi kwa simu." Akaufunga mlango wa kabati. "Lorraine, nipe koti langu."

"Baba, kesho tu—"

"Koti."

Mzee alichukua vibanio vyote viwili na vipande vya mbao vyenye kanga, akavitia kwenye mfuko wa sokoni. Njia nzima kwenye gari la Generosa aliupakata.

Balwinder alikuwa ameshashusha nusu ya mlango wa chuma walipofika. Wakainama wakapita. Lusajo alikuwa anafagia nta sakafuni, taratibu, kama mtu anayeaga.

Philemon hakungoja kutambulishwa. Alivipanga vibanio mezani, akaweka vipande vya mbao pembeni, akaigeuza kanga ielekee taa. "Ni mimi," alisema. "Nilidhani zimepinda kwa ubovu, nikazinyoosha. Kijana huyu hakuiba na hakuunguza. Mimi, Philemon, fundi seremala, ndiye niliyeharibu, tena kwa makini."

Balwinder alitazama vibanio. Akatazama kanga. Mabega yakaanza kumtikisika. "Kwa boila?" aliuliza. "Kiangazi chote?"

"Kila Jumapili robo mzunguko."

Mzee Balwinder alicheka mpaka akashika kaunta. Lorraine hakucheka. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Lusajo, akasimama mbele yake. "Kaka, nimekuita mwizi mbele ya bosi wako na mbele ya mteja. Nisamehe. Nitapita kwa Imran nimwambie na yeye."

"Yameisha, dada," alisema Lusajo. Aliweka ufagio chini. "Ila hizo skii hazirudi. Huwezi kuzipandia, zitakuangusha. Jumamosi utavaa za kukodisha."

"Vizuri," alisema Balwinder, akifuta macho. "Vizuri sana. Basi Jumatatu, kabla sijaenda Leicester, tutakaa, nitampa funguo kwa heshima, na chai—"

"Jumatatu ya nini?" Generosa alimkatiza. "Ulimnyang'anya asubuhi hukungoja Jumatatu. Alinyang'anywa mbele ya watu. Watu wenyewe hawa hapa."

Balwinder alimtazama, kisha akamtazama Lusajo, na ile alama kwenye mkanda wake. Kicheko kiliisha. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kitita chenye uzi mwekundu, akazunguka kaunta, akakining'iniza kwenye mkanda wa fundi kwa mkono wake mwenyewe, pale pale ngozi ilipochakaa. Akavaa koti.

"Nimechoka," alisema. "Karakana yako. Funga wewe."

Lusajo hakufunga. Alikwenda mlangoni, akachomeka ufunguo, akauinua mlango wa chuma mpaka juu, mwanga ukamwagika barabarani. Akarudi ukutani, akashusha ile jozi ya kukodisha.

"Dada, vua viatu nipime buti," alisema. "Na wewe, mzee, njoo hapa kwenye taa nikuonyeshe mgongo wa skii."